Kabla ya kuwa mshangao, 'astonish' lilikuwa radi

MWANAFUNZI wa leo akiulizwa maana ya neno la Kiingereza 'astonish', atajibu bila kusita: kushangaza. Na 'noise' je? Kelele. Basi, imeisha hiyo! Lakini maneno nayo yana umri, na tukiupuuza umri huo tafsiri huharibika.

'Astonish', 'astound' na 'stun' ni ndugu wa tumbo moja. Chimbuko lao ni kitenzi 'estoner' cha Kifaransa cha kale, ambacho nacho kilitokana na 'tonare' la Kilatini, yaani kunguruma kwa radi. Aliyefikwa na hali hiyo hakuwa ameshangaa tu. Alikuwa kama mtu aliyepigwa na radi, akabaki hajijui hajitambui.

Ndiyo maana katika Henry V, tamthilia ya Shakespeare ya takriban mwaka 1599, Fluellen anapomtwanga Pistol kwa rungu, Gower anamsihi akome kwani ameshamfanya 'astonished'. Hapo hapana mshangao. Pana kichwa kinachovuma!

'Surprise' nalo lilitoka vitani. Kifaransa 'surprendre' ni kumnasa mtu ghafla, na Waingereza walilitumia kwa shambulio la kushtukiza kabla halijawa jina la hisia.

Tuje kwa 'noise'. Katika Kifaransa cha kale lilimaanisha zogo na ugomvi. Hata hivyo, enzi za Shakespeare liliweza kuwa sauti ya kupendeza, hata kikundi cha wapiga ala. Mtafsiri akiandika 'kelele' hapo, atakuwa amewatukana wanamuziki bure.

Jambo hili linatuhusu. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963. Katika tamthilia hiyo mna usiku wa radi na ngurumo, ambapo Casca anatumia 'astonish' kueleza namna miungu inavyowatisha wanadamu. Mtu akitafsiri 'kushangaza' tu, ngurumo yote inazimika.

Kiswahili hakijapungukiwa. Sisi husema mtu amepigwa na butwaa au amepigwa na bumbuwazi. Kitenzi 'piga' kinatunza pigo lile lile ambalo Kiingereza cha leo kimelisahau.

Kwa hiyo, walimu na watafsiri, kabla ya kuikimbilia kamusi, tuulize kwanza: neno hili liliandikwa lini?