Tairi Kutoka Tonawanda



Wenzetu wa Louisville hushangaa wakisikia tunaanza kuhangaika na matairi tangu Oktoba. Huku Lackawanna upepo hupita juu ya Ziwa Erie, hubeba unyevu wa maji ambayo bado yana joto la kiangazi, kisha hutua mzigo wote juu ya mapaa yetu. Novemba 2014 theluji iliyoanguka kusini mwa Buffalo ilizidi futi 5 kwa siku chache. Desemba 2022 dhoruba iliua makumi ya watu katika eneo hili, baadhi yao wakiwa ndani ya magari yaliyokwama. Kwa hiyo Oktoba 2025 nilipoona kashata za 4Runner yangu zimelika (kashata ndivyo tulivyoviita kwetu Arusha vile vinundu vya mpira vinavyong'ata ardhi), sikungoja.

Nilitaka tairi la kila ardhi: lami, matope, changarawe na theluji. Muuzaji mmoja hapa mjini alinitolea kwanza tairi lenye herufi E ubavuni, akalisifu kwamba ni la matabaka 10. Si kweli kwamba lina matabaka 10. Zamani matairi yalijengwa kwa matabaka ya nyuzi za pamba, na aliyetaka tairi imara aliongeza matabaka. Siku hizi matabaka ni machache, ya poliesta na chuma, lakini hesabu ya zamani imebaki. E maana yake ni imara kama lile la pamba la matabaka 10. Kwa mtu anayebeba matofali, sawa. Kwangu mimi ninayebeba mke, watoto wawili na gunia la mchele, ni kujitwisha uzito wa bure. Gari litakunywa mafuta zaidi na kutikisa abiria kwenye kila shimo.

Nikamwomba lenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Wengi hudanganyika na herufi M+S. Hizo zinahusu umbo la kashata tu, lakini alama ya mlima hupewa tairi lililopimwa kwenye theluji likafaulu. Akaleta matairi manne ya saizi yangu, 265/70R17, bei imepunguzwa. Jina la tairi silitaji, nisije nikaonekana natangaza biashara.

Nikainama kusoma ubavu, kama alivyonifundisha marehemu baba. Baada ya herufi DOT, namba nne za mwisho husema siku ya kuzaliwa. Hapa ziliandikwa 3124, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2024. Herufi za mwanzo hutaja kiwanda, na kiwanda kilikuwa cha Tonawanda, kando ya Mto Niagara, nusu saa tu kwa gari kutoka pale nilipoinama.

Kiwanda hicho kilianza mwaka 1923 kwa jina la Dunlop. Jina hilo lina historia inayotugusa. John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, na mwaka 1888 alipata hataza ya tairi la upepo, baada ya kumtengenezea mwanawe la baiskeli yake ya magurudumu matatu. Dunia ikalipenda, kwanza kwa baiskeli, kisha kwa magari, na dunia ikataka mpira. Ndugu zetu wa Kongo, ambao siku hizi ni wengi hapa Buffalo, hawahitaji kusimuliwa na mimi ulipotoka. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa na nchi nzima kama shamba lake tangu 1885. Wanaume walipelekwa msituni kukinga utomvu, wake zao wakashikwa mateka, na mikono ikakatwa. Taarifa ya Roger Casement ya mwaka 1904 ilisaidia kuuanika ukatili huo, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi nchi kwa Ubelgiji.

Pwani yetu nayo ilikuwa katika biashara hiyo. Mtambaa mmoja wa porini unaotoa mpira, Landolphia kirkii, umepewa jina la John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza aliyekaa Zanzibar. Watu wa bara ya Kilwa waliukinga na kuuza kabla Mjerumani hajaota mizizi. Neno letu lenyewe linasimulia: mpira ni mti, ni utomvu, ni bomba la kumwagilia, ni kile kinachopigwa na Simba na Yanga, na ni mchezo wenyewe. Sijui lugha nyingine inayobebesha neno moja kazi zote hizo.

Wajerumani walipanda mpira kutoka Brazil katika mashamba ya Muheza na kwingineko, wakapata faida kubwa mwaka 1910, na mwaka 1913 bei ikaporomoka kwa sababu mpira wa mashamba ya Asia ulifurika sokoni. Miti ikaachwa. Kisha Wajapani walipoitwaa Malaya na Singapore mwaka 1942, Waingereza wakaikumbuka, na watu wakalazimishwa tena kwenda kuikinga. Mwezi Januari mwaka huohuo Marekani ilianza kugawa bidhaa kwa kibali, na bidhaa ya kwanza ilikuwa tairi.

Kibali cha tairi! Wa rika langu waliokulia Tanzania mtacheka. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika na kila kitu kikawa adimu. Mjomba wangu mwenye Land Rover aliliinua gari juu ya mawe miezi mingi akingoja matairi. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mtu mwenye matairi mawili mapya uani alilala macho wazi. Mjomba aliamini kwamba shemeji yake angeweza kumsaidia, maana baba alifanya kazi General Tyre. Baba hakuweza, na jambo hilo liliwaweka mbali kwa miaka.

General Tyre East Africa ilianzishwa Arusha mwaka 1969 kwa ubia wa serikali na kampuni ya General Tire ya Akron, Ohio, na matairi ya kwanza yalitoka mwaka 1971. Baba alikuwa sehemu ya kupikia. Tairi bichi, laini kama unga uliokandwa na lisilo na kashata wala maandishi, liliingizwa kwenye kalibu la moto. Puto la mvuke likalisukuma kutoka ndani, na salfa ikafunga kazi yake ya kuunganisha mpira ili usirudi kuwa ute. Muda ukipungua, tairi halijaiva. Ukizidi, linakuwa gumu na kupasuka. Alirudi nyumbani akinuka salfa, na mama alimtengea ndoo yake ya kufulia. Kulikuwa na ndoto ya kujitosheleza: mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero, yalihusishwa na kiwanda hicho.

Nilipokuwa nasoma uhandisi Ohio miaka ya 1990, nilikwenda Akron kukiona kiwanda mama ili nimpelekee baba picha. Niliambiwa kilifungwa mwaka 1982. Kwa maneno mengine, mtoto wa Arusha alikuwa bado anapika matairi miaka zaidi ya 10 baada ya mama kuzimika! Baba hakuamini. Aliandika barua kuniuliza kama nilikosea njia.

Arusha nayo ilinyamaza kuelekea mwisho wa miaka ya 2000. Mitambo ilizeeka, soko lilifunguliwa, na matairi ya nje yakaingia kwa bei ambayo haikuweza kushindana nayo. Nairobi, kiwanda kilichoanza kama Firestone East Africa, kikaja kutoa matairi ya Yana, kiliacha uzalishaji mwaka 2016. Kwenye vikao vyetu husemwa kwamba viwanda vyetu vilikufa kwa sababu ni sisi. Mimi sikubali, na Lackawanna ni shahidi wangu. Hapa kulikuwa na chuma cha Bethlehem kilichoajiri watu zaidi ya 20,000 katika siku zake njema. Mwishoni mwa 1982 ilitangazwa kwamba tanuri zitazimwa, zikazimwa. Ila sitaki tujifariji kupita kiasi. Akron ilipoteza matairi ikabaki na maabara na chuo kinachofundisha sayansi ya mpira na plastiki. Sisi tulibaki na jengo, na ahadi za kulifufua.

Tarehe 7 Novemba 2024 wafanyakazi wa Tonawanda waliambiwa kiwanda kimefungwa. Watu kama 1,550. Wakati huo mwenyewe alikuwa Sumitomo wa Japani. Jirani yangu, Myemeni ambaye baba yake alikuja Lackawanna kwa ajili ya chuma, alikuwa mmoja wao. Alikuwa sehemu ya kupikia.

Nilimpigia simu nikiwa bado dukani, nikamsomea zile namba. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kuna nyufa ndogo chini ya kashata, na yalihifadhiwa juani au ndani. Nikamwambia ndani, hakuna ufa. Akasema tairi la mwaka mmoja na miezi, lililolala kivulini, bado ni jipya, nilipe. Nikalipa.

Namba kamili huandikwa upande mmoja tu wa tairi, na fundi kwa kawaida hajali upande huo unaangalia wapi. Jirani alifika kabla gari halijainuliwa. Akapapasa ubavu wa tairi la kwanza kwa kidole gumba, akasoma mwenyewe, akamwomba fundi ayafunge yote manne namba zikitazama nje.