Bakshishi, Tipu na Ujira wa Mgumu

Misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilituachia maneno tunayoyabeba hadi leo bila kukumbuka yalikotoka. Posho ni mojawapo. Ilikuwa riziki ya mpagazi njiani, chakula chenyewe au kitambaa cha kukinunulia. Leo kwa Mtanzania posho ni fedha ya kikao, na kwa Mganda ni ugali. Hongo nayo ilikuwa ushuru wa waziwazi: msafara ukiingia nchi ya mtemi hulipa nguo na shanga, ndipo upite. Wasafiri wa Kizungu Burton na Stanley waliinung'unikia sana katika vitabu vyao, lakini aliyeipokea hakujificha. Yeye ndiye aliyekuwa forodha. Siku hizi mpokea hongo huangalia kwanza nani yuko mlangoni.

Bakshishi ilitufikia kutoka Uajemi, kwenye kitenzi chenye maana ya kutoa na pia kusamehe. Wako wanaosema bahashishi, wala hawakosei. Ni fedha anayopewa aliyekuhudumia, juu ya haki yake. Uzito wote uko hapo: juu ya haki yake. Haki kwanza, zawadi baadaye.

Sasa panda Kilimanjaro uone neno hilo limefikia wapi. Kwanza, huko hulisikii sana. Wapagazi hujiita wagumu, na wanachokingoja ni tipu. Asubuhi ya mwisho, kambini au kwenye geti la Mweka, kundi zima hukusanyika: kiongozi, wasaidizi wake, mpishi, na wagumu, ambao kwa mgeni mmoja wanaweza kuwa watatu au wanne. Huimbwa wimbo, mara nyingi Jambo Bwana, ule wa Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms. Miguu inacheza, macho yako kwenye bahasha. Mgeni aliyeelekezwa vizuri hutaja fungu la kila mmoja mbele ya wote, lisije likapungua kati ya mkono wa kiongozi na wa mgumu. Noti ya dola iliyochanika, au iliyochapishwa zamani, ina huzuni yake peke yake, maana duka la fedha za kigeni huko Moshi linaweza kuikataa.

Mtu aliyebeba mzigo wa kilo 20, kiwango cha juu kinachoruhusiwa, kwa siku sita au saba, haioni bahasha ile kama zawadi. Ameshaipangia: ada ya mtoto, mbolea, deni la dukani. Kwenye baadhi ya kampuni malipo ya siku ni haba kiasi kwamba tipu ndiyo mshahara, na mshahara ndio kishika uchumba.

Na mgeni naye amekuja na msamiati wa kwao. Mmarekani anatoka nchi ambayo sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijasogea tangu 1991, mradi tipu zijazie hadi kima cha chini. Huyo haelezwi mara mbili. Mjapani akiacha fedha mezani kwao, mhudumu anaweza kumfuata nje amrudishie, akidhani amesahau. Mfaransa amezoea huduma iwe imo ndani ya bei. Wapandishe hao watatu kwa wiki moja, na wagumu wao watateremka na bahasha zisizolingana kwa jasho lilelile. Lawama zitamwangukia Mjapani, ataitwa mchoyo. Kampuni iliyomwambia kwamba tipu si lazima ila inatarajiwa itakuwa imekaa kando, mikono safi. Kitu kisicho lazima lakini kinatarajiwa! Mwenye kuelewa hapo atueleze na sisi.

Si kwamba lugha yetu imepungukiwa. Mwanagenzi akihitimu, fundi wake hupewa kilemba. Bwana harusi wa pwani haingii kwa biharusi bila kutoa kifungua mlango. Kila ada ina jina lake, wakati wake na mtu wake, na hakuna anayebaki akikisia. Palipokosa jina mahususi ndipo tulipoteleza. Fedha ya chai, ambayo Lubumbashi wangeiita matabishi, nchini Kenya imeishia mkononi mwa askari wa barabarani. Takrima, neno zuri la kumkirimu mgeni, liliingizwa katika sheria ya uchaguzi ya Tanzania mwaka 2000 ili mgombea awakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipolitoa mwaka 2006. Majaji waliona kilicho chini ya kitambaa.

Kwa hiyo sina ugomvi na neno tipu, hata likibaki na sura yake ya kigeni. Ugomvi wangu ni na kampuni inayoipigia hesabu kabla mgeni hajatua uwanjani. Tipu ya namna hiyo si bakshishi. Ni ujira uliohamishiwa kwenye mfuko wa mgeni, na mwenye kuuhamisha hakumuuliza mgeni wala mgumu. Uandikwe kwenye mkataba kwa jina lake, wote, kwa shilingi. Nawe unayeuza safari za mlimani, mgeni wako akikuuliza atoe tipu kiasi gani, mtajie kwanza mgumu analipwa shilingi ngapi kwa siku.