Wati, Ufanisi na Tija

Bonde la Kilombero limezoea namba kubwa za umeme: Kidatu megawati 204, Kihansi 180. Ukipanda kuelekea Masagati, nyumba yenye paneli moja juu ya bati huhesabu kwa wati tu. Hata dukani Ifakara mteja husema, “Nipe ya wati mia.”

Wati mia hizo zilipimwa kiwandani, mwanga ukiwa wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati la Ifakara saa saba mchana, seli hupita hapo mbali. Zikifika nyuzi 60, paneli ya silikoni hupoteza kati ya asilimia 10 na 15 ya nguvu yake. Wati ni uwezo. Kinachovunwa ni wati-saa, na elfu moja ya hizo ndiyo uniti ileile ya LUKU.

Neno linalonikera ni ufanisi, kwa kuwa limebebeshwa mizigo miwili. Paneli inayogeuza asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme ina ufanisi wa asilimia 20. Mfumo uliotoa wati-saa 375, ilhali jua la siku hiyo lingestahili kutoa 500, nao husemwa una ufanisi wa asilimia 75. Mnunuzi akisikia zote mbili, ana haki ya kudhani anadanganywa. La kwanza libaki ufanisi. La pili liitwe uwiano wa utendaji.

Na uniti zinazopatikana kwa kila kilowati iliyofungwa? Hiyo ni tija. Mkulima wa mpunga wa bonde hili analijua neno hilo vizuri, kwani shamba hulipima kwa magunia kwa ekari.

Tunahitaji vipimo vyote viwili, tija na uwiano wa utendaji. Masika mawingu yakitanda, tija hushuka lakini uwiano hausogei sana: jua limepungua, mfumo ni mzima. Uwiano wenyewe ukiporomoka, basi panda juu ya paa. Tazama vumbi, kivuli cha mwembe, hewa isiyopita chini ya paneli. Kagua waya mwembamba uliovutwa mbali na betri isiyoshika chaji. Tazama pia mwelekeo: huku tuko nyuzi 8 hadi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli ielekee kaskazini, ikiinamishwa nyuzi kama 10 ili mvua nayo ipate kuiosha.