Mtumbwi wa Kilombero na Baraza la Taifa

Mgeni afikapo nyumbani kwa watu wa pwani yetu hukaribishwa barazani kwanza. Huketi hapo akautazama mlango, mkeka aliotandikiwa na mtungi uliowekwa pembeni, na kabla mwenyeji hajasema mengi amekwisha kujua mengi kuhusu nyumba ile. Mataifa nayo yana baraza zao. Zamani baraza hiyo ilikuwa bandari, kisha ikawa stesheni ya reli, na siku hizi ni kiwanja cha ndege. Ndiyo maana baadhi ya viwanja vya ndege ulimwenguni vimetenga kumbi za sanaa. Kiwanja cha San Francisco, Marekani, kilianza mpango wake wa maonyesho mwaka 1980, na katika kile cha Schiphol, Uholanzi, jumba la makumbusho la Rijksmuseum lilifungua tawi mwaka 2002. Maonyesho ya namna hii hubadilishwa kila baada ya muda, ili wasanii na vitu vya sehemu mbalimbali vipate zamu.

Neno hili zamu ndilo tunalotaka kulitafakari. Tuseme zamu imelifikia bonde la Kilombero. Watu wa Ifakara, Mahenge, Malinyi na Mlimba wataleta nini barazani? Na hicho watakacholeta kitaandikwa jina la nani?

Jibu la swali la kwanza, kwa maoni yetu, ni mtumbwi. Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Wakati wa mvua mto hufurika, na sehemu kubwa ya bonde hugeuka kuwa kama ziwa. Kiangazi maji hupwa, yakaacha mabwawa, majani na mashamba ya mpunga. Katika nchi ya namna hiyo mtu asiye na chombo hana njia. Wandamba, ambao tangu jadi ni wavuvi na wakulima wa mpunga, walisifika kwa ufundi wa mitumbwi, na majirani zao Wapogoro, Wabena na Wambunga wakaishi kwa kuutegemea ufundi huo.

Mtumbwi huchongwa kutoka gogo moja. Fundi huuchagua mti, huuangusha kwa shoka, kisha huchimba moyo wake kwa tezo, huku akipima unene wa mbavu kwa macho na kwa mkono. Ubavu mmoja ukizidi uzito, chombo hulala upande. Ukizidi wembamba, hupasuka. Aliyeweza kuipata mizani hiyo bila karatasi wala rula hakika alikuwa msanii, ingawa hakuna aliyemwita hivyo.

Mitumbwi hiyo haikuweza kuteremka hadi pwani, kwa kuwa pale mto Kilombero ukutanapo na Luwegu na kuzaa Rufiji pana maporomoko ya Shuguli. Kazi yake ilikuwa ndani ya bonde: kubeba watu, samaki na mpunga hadi penye njia ya nchi kavu.

Hapo ndipo tunapokutana na kinyume cha ajabu katika historia ya ukoloni. Serikali ya Waingereza ilitaka mpunga wa bonde uuzwe nje ya wilaya, na mpunga huo uliihitaji mitumbwi ili utoke mashambani. Lakini sheria ya misitu ya mwaka 1921, pamoja na kanuni zilizoifuata, iliiweka miti mikubwa yenye thamani, mvule ukiwa mmojawapo, chini ya leseni na malipo. Mkono mmoja wa serikali ulidai mpunga, na mkono wa pili ukamzuilia fundi gogo lake. Machoni pa mkoloni mvule ulikuwa mbao, na mtumbwi ulikuwa chombo cha uchukuzi tu.

Mwaka 1935 kilitolewa kitabu cha A. T. Culwick na G. M. Culwick juu ya Wabena wa bondeni, na ndani yake mna sura ya Mtema Towegale Kiwanga. Ni jambo la kutia moyo kwamba mwenyeji alipata kusema katika kitabu kile. Hata hivyo, mtema ana njia nyingi za kuingia katika maandishi, na fundi wa tezo hana hata moja.

Baada ya Uhuru taifa letu lilianza kuzijenga baraza zake. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa mwaka 1962. Mwaka 1966 kilianzishwa Kijiji cha Makumbusho mjini Dar es Salaam, ambamo nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilijengwa. Mwaka 1972 ikafuata Nyumba ya Sanaa, ambako George Lilanga alijipatia sifa. Kuanzia mwaka 1994 Kijiji cha Makumbusho kiliandaa pia siku za utamaduni, ambazo jamii za nchi yetu zilipewa kwa zamu. Wenyewe walikuja na vyakula, ngoma na kazi za mikono yao, wakajieleza kwa vinywa vyao. Twaona kwamba huo ni mfano bora kuliko kabati la kioo, maana kabati huonyesha kitu tu, na zamu ya namna ile humleta mtu.

Lakini limebaki kosa moja. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa sanaa. Mtumbwi ukiwekwa penye maonyesho, huandikwa “Wandamba” basi. Mkeka wa ukindu huandikwa “Wapogoro”, kana kwamba kabila zima liliketi likasuka ukili mmoja. Mchoraji wa mjini huhesabiwa kuwa mtu, na mfinyanzi, msusi wa mikeka na mchonga mitumbwi huhesabiwa kuwa desturi.

Na muda unapita. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, iliifanya stesheni ya Ifakara kuwa mlango mpya wa bonde. Mwaka 2018 daraja lenye urefu wa mita 384 lilizinduliwa juu ya mto Kilombero, mahali ambapo kwa miaka mingi watu walivushwa kwa kivuko. Hatusikitikii daraja, wangapi waliupoteza uhai majini! Lakini kila mlango mpya ufunguliwapo, fundi wa mlango wa zamani hupungukiwa na wateja, na kijana wake haoni sababu ya kujifunza tezo.

Kwa hiyo tusingoje ukumbi wa kiwanja cha ndege. Walimu na wanafunzi wa bonde hili wanaweza kuanza leo: waende kwa fundi aliye karibu, waandike jina lake, kijiji chake, nani alimfundisha, mti gani anauchagua na kwa nini. Maelezo hayo yabandikwe ukutani shuleni, na kila muhula zamu ipewe fundi mwingine. Siku taifa litakapoita Kilombero barazani, mtumbwi utakwenda pamoja na jina la aliyeuchonga.