Sokwe wa Fort Ternan Ana Ukoo Gani?

Wasee, jaribuni hii. Muulize mtu yeyote Nairobi, "Kericho iko na nini?" Atakujibu "chai" kabla hujamaliza swali. Mimi nimezaliwa hapa, majani ya chai yanaanzia nyuma ya jikoni yetu, na mpaka juzi ningejibu hivyo hivyo. Kumbe kaunti yetu iko na kitu kizee kuliko chai, kuliko Wakipsigis, kuliko binadamu mwenyewe. Kilitoka Fort Ternan, na wanasayansi walibishana miaka mingi kiitwe nani.

Stori inaanzia kwa shamba la machungwa. Mlowezi mmoja, Fred Wicker, aliona mifupa iliyogeuka mawe shambani mwake, habari zikamfikia Louis Leakey. Mwaka wa 1961 wachimbaji wakatoa vipande vya taya ya juu na meno. Mawe ya volkeno ya pale yalipopimwa, umri ulitoka karibu miaka milioni 14. Manze, milioni!

Mwaka wa 1962 Leakey alimpa jina: Kenyapithecus wickeri. Majina ya kisayansi huja mawili mawili, jenasi kwanza, spishi baadaye. Sisi Wakipsigis hatuhitaji kufunzwa sana hapo. Jenasi ni kama oret, ule ukoo wenye mnyama wake. Spishi ni jina lako wewe mwenyewe. Na pithecus imetoka kwa neno la Kigiriki la sokwe.

Shida ilikuwa kwa oret. Leakey alisema huyu yuko kwenye mstari wa binadamu na anastahili ukoo mpya. Mwaka wa 1965 Elwyn Simons na David Pilbeam wakasema hapana, hakuna ukoo mpya hapa. Waliona meno haya ni ya Ramapithecus, sokwe wa vilima vya Siwalik kule Asia, aliyepewa jina mwaka wa 1934. Sheria ya uainishaji inasema kama viumbe viwili ni kimoja, jina lililotangulia ndilo linabaki. 1934 ikashinda 1962. Hivyo tu, "Kenya" ikafutwa kwa jina.

Lakini mwaka wa 1982 Pilbeam huyo huyo alitangaza uso wa sokwe mwingine wa kale kutoka Pakistan, Sivapithecus, na ulifanana sana na wa orangutani. Ramapithecus naye akaonekana ni wa jamii hiyo, si babu yetu. Yule wa Fort Ternan hakuingia huko, akarudishiwa ukoo wake. Mwaka wa 1999 visukuku vingine vilivyokuwa vimewekwa kwa Kenyapithecus vilihamishwa hadi jenasi mpya, Equatorius, baada ya mifupa mizuri kupatikana Baringo. Wetu akabaki. Mwaka wa 2008 akapata hata ndugu, Kenyapithecus kizili wa Uturuki. Leakey alikosea kumfanya babu wa binadamu, lakini ukoo aliompa umesimama.

Sasa maoni yangu. Hiyo wickeri inaniuma. Ardhi ile serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi, halafu mwenye shamba akapata jina la kudumu. Na halitatoka: hata spishi ikihamishwa jenasi, jina lake la pili linaifuata. Na waliopiga magoti wakichekecha udongo? Heselon Mukiri alifanya kazi na Leakey miaka na miaka. Ilibidi ifike 1993 ndipo sokwe wa Kisiwa cha Rusinga aitwe Proconsul heseloni kwa heshima yake. Mwaka wa 2015 wataalamu wakamtoa kwa Proconsul, wakampa jenasi mpya, Ekembo, neno la Kisuba la sokwe. Leo anaitwa Ekembo heseloni. Majina yote mawili ya kwetu.

Kwa hivyo haiwi lazima tupigane na wickeri. Kisukuku kinapewa jina na yule anayekichunguza na kukiandika, na hapo ndipo sisi tumekosekana. Baba anataka nisomee uhasibu kwa sababu viwanda vya chai huajiri wahasibu, na simlaumu. Bonasi ya chai ndiyo imenilipia karo. Binamu yangu wa Bomet aliposikia nataka jiolojia aliniuliza, "Kwani utakula mawe?" Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri.

Udongo wa Fort Ternan haujaisha. Kipande kinachofuata kikitoka, mtu atakaa chini akiandikie jina. Nataka awe mtu anayejua oret ni nini. Fomu ya kozi bado iko wazi wiki hii. Nimeweka jiolojia namba moja, na baba bado sijamwambia. Wewe ungemwambiaje?