Ningu wa Dani

Nilipoacha chuo mwaka wa pili na kurudi Rongo, Dani hakuniuliza chochote kuhusu masomo. Alisema tu, "Nyakwara, nitafutie ningu." Nikaenda soko. Omena tele, mbuta, tilapia wa barafu kutoka Uchina. Ningu hakuna. Mama mmoja wa samaki alinicheka, akauliza kama nimetoka ng'ambo.

Basi nikaanza kusoma. Kazi sikuwa nayo, bando nilikuwa nayo.

Mwaka 1901 Boulenger, mtaalamu wa samaki huko London, alimpa ningu jina la kisayansi: Labeo victorianus. Ni samaki wa kijivu, mdomo umeangalia chini, anakwangua mwani kwenye mawe. Anakaa Ziwa Victoria lakini hatagi humo. Masika yakifika na mito kufurika, anapanda kutaga kwenye nyasi zilizozama.

Dani alizaliwa Nyatike, chini ya maporomoko ya Gogo, kwenye mto Kuja huu huu unaopita huku kwetu. Anakumbuka kek: uzio wa matete na miti ukikatiza mto, vikapu vya kutegea vikiwa kwenye mianya. Mafuriko makubwa yaling'oa uzio, anasema, na ningu wakapita. Uvuvi wenyewe ni wa zamani sana. Miaka ya 1980 Peter Robertshaw alichimba hapo Gogo, akapata mifupa ya samaki iliyoachwa na watu wa maelfu ya miaka iliyopita.

Kilichobadilika ni nyavu za kutega, zilizoingia ziwani mwaka 1905. Hizo hazikungoja samaki apande. Zilitandazwa midomoni mwa mito, zikawanasa majike wakiwa na mayai bado tumboni. Kufikia miaka ya 1950 wataalamu walikuwa wanaandika kuhusu ningu kupungua. Mbuta aliingizwa ziwani miaka hiyo hiyo, na watu hupenda kumbebesha lawama zote, lakini maze, kesi ya ningu ilikuwa imeanza kitambo. Leo yuko kwenye orodha ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka.

Nilijua hayo yote Aprili niliposhuka Nyatike. Bado nilinunua wawili, kwa kijana mwenye boda aliyewafunika kwa majani.

Dani aliwapasua mwenyewe. Wote wawili walikuwa na mayai. Akaacha kisu, akaniangalia.

"Uliwatoa wapi?"

"Mdomoni mwa Kuja, Dani."

Akapika. Tukala bila kuongea.