Setilaiti ya Utosini: Dishi Langu Lilipohamia Ndhiwa

Leo naweka kando mambo ya programu niwasimulie kisa cha dishi. Nilianza kutafuta hitilafu ya kawaida tu, nikajikuta nasoma historia hadi usiku wa manane.

Nilihama Nairobi nikarudi nyumbani Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Programu huandikwa popote palipo na umeme na intaneti, na siku hizi Ndhiwa vyote vipo, ingawa umeme wetu una hasira zake. Nilifungasha kompyuta, vitabu, dekoda na dishi la sentimita 90. Kabla ya kulifungua dishi kule Nairobi nilichora alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye bomba na kwenye kishikio: upande linakotazama ni huu, mwinuko ni huu. Nilijiona mjanja sana. Kwa mtu wa kompyuta hiyo ni nakala ya akiba. Ukiharibu, unarejesha.

Fundi wa sokoni alikuja kwa pikipiki na spana mbili na kile kifaa kidogo kinacholia kikinusa mawimbi. Tukafuata alama zangu. Nguvu sufuri, ubora sufuri. Akalegeza nati, akalizungusha dishi kwenye bomba polepole, hatimaye kifaa kikalia na nguvu ikapanda hadi asilimia 70. Tukashangilia mapema. Ubora ulibaki sufuri, na kioo kikawa cheusi vilevile.

Baba mdogo, mwalimu mstaafu, alikuwa ameleta kiti chake mapema akingoja taarifa ya habari ya saa moja. Alilitazama dishi, likiwa limelala karibu chali juu ya paa kama beseni linalosubiri mvua. Akauliza, "Hilo dude mnaloliita setilaiti liko wapi hasa?" Nikamwonyesha kidole juu, karibu wima. Akasema, "Kwa hiyo liko juu ya vichwa vyetu, na bado sisi hatuoni?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Jibu lake lina sehemu mbili, moja ya historia na moja ya spana. Nianze na historia.

Oktoba 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika katika jarida la Wireless World kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta kwa umbali unaofaa, kitazunguka kwa kasi ileile ya dunia na kuonekana kimesimama. Umbali huo ni kilomita 35,786 kutoka ardhini. Mwaka 1963 Syncom 2 ilifika kimo hicho, na mwaka huohuo Rais Kennedy aliitumia kuzungumza na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, kupitia meli iliyotia nanga Lagos. Mwaka 1965 ikaja Early Bird, yenye uwezo wa kubeba simu 240 au chaneli moja tu ya runinga.

Kenya iliingia mwaka 1970, kituo cha Longonot kilipofunguliwa katika Bonde la Ufa. Vituo vya daraja lile vilikuwa na madishi ya kipenyo cha mita 30 hivi. Setilaiti zilikuwa dhaifu, kwa hiyo sikio la huku chini lilibidi liwe kubwa kama uwanja. Mtu wa Ndhiwa hakuwa na habari nalo. Runinga ilikuwa imeanza nchini mwaka 1962, lakini ilitegemea minara, na mnara hauvuki kilima.

Na hapa ndipo nilipoketi wima kitandani. Mwaka 1975 NASA ilisogeza setilaiti yake iitwayo ATS-6 hadi longitudo ya nyuzi 35 mashariki. Chukueni ramani mtazame: nyuzi 35 juu ya ikweta ni mashariki kidogo ya Kisumu. Kutoka kwetu hadi pale chini yake ni kama kilomita mia moja! Ilikuwa na antena ya mita 9 iliyofunguka angani kama mwavuli, na kazi yake ilikuwa ya aina mpya kabisa, yaani kurusha runinga moja kwa moja hadi vijijini, bila mnara. Kuanzia Agosti 1975 hadi Julai 1976, vijiji vipatavyo 2,400 vilitazama vipindi vya kilimo, afya na masomo kwa madishi ya mita 3 yaliyotengenezwa kwa wavu wa kufugia kuku.

Vijiji hivyo vilikuwa India. Chombo kilining'inia juu ya Nyanza, lakini kwa mradi ule mwale wake ulielekezwa upande wa pili wa bahari. Sisemi kwamba tuliibiwa. Serikali ya India iliingia mkataba na Wamarekani, ikaandaa vipindi na mafundi, ikapata ilichokitafuta. Ila nilipomwambia baba mdogo, alinyamaza kitambo. Miaka ile alikuwa mwalimu kijana, na darasa lake lilikuwa na redio moja yenye betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu kidogo. "Kumbe ilikuwa hapa hapa," akasema.

Ilichukua robo karne. Mei 2000 setilaiti ya Eutelsat W4 ilirushwa kutoka Florida ikakaa nyuzi 36 mashariki. Safari hii ilibeba miale ya Urusi na mingine ya Afrika, chini ya Sahara. Nguvu ilikuwa imeongezeka sana, matangazo yalikuwa ya dijitali, na dishi likapungua kutoka mita 30 hadi kitu ambacho mtu hubeba kwenye bodaboda. W4 ilishastaafu. Machi 2024 ilirushwa Eutelsat 36D kuendeleza kazi palepale. Katikati ya hayo, mwaka 2015, Kenya ilizima matangazo ya analogia. Zile antena zetu za juu ya mti mrefu, ambapo mtoto mmoja anazungusha na mwingine anapiga kelele dirishani "Hapo hapo! Umepitisha!", zikabaki za kuanikia nguo. Penye mnara wa dijitali wa karibu watu walinunua dekoda ya antena. Wengine wakanunua dishi.

Sasa spana. Mstari wa nyuzi 36 unapita karibu na Nakuru, na unakutana na ikweta karibu na Mogotio, kaunti ya Baringo. Hapo ndipo chini kabisa ya setilaiti yetu. Nairobi iko nyuzi 36.8, yaani mashariki ya mstari, kwa hiyo dishi la Nairobi hutazama juu likiegemea kaskazini, kidogo magharibi. Ndhiwa iko nyuzi 34.4, upande wa pili. Huku setilaiti imeegemea kaskazini mashariki. Nilipovuka Bonde la Ufa na lori la mizigo, mbingu iligeuka, na alama zangu za wino zikawa uongo mtupu. Tofauti yenyewe angani ni kama nyuzi 3 tu, lakini dishi la sentimita 90 huona upana wa nyuzi 2 hivi.

Fundi alilitatua hilo bila hesabu, kwa kulizungusha dishi karibu robo ya mzunguko. Mbona picha haikuja? Kwa sababu mawimbi hutumwa kwa mikao miwili, wima na mlalo, ili masafa yaleyale yabebe mzigo mara mbili. Dekoda huchagua kwa umeme inaoupeleka kwenye LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi: volti 13 kwa wima, volti 18 kwa mlalo. Mtu wa Johannesburg akilisogeza dishi kidogo kulia au kushoto, mkao huo haubadiliki sana. Lakini dishi linalotazama utosini, ukilizungusha kwenye bomba ni kama unaizungusha LNB yenyewe, mfano wa kizibo cha chupa. Tuliigeuza robo nzima bila kujua. Dekoda iliomba mlalo ikaletewa wima. Ndiyo maana nguvu ilikuwepo, ubora haukuwepo: kelele za mtu unazisikia, maneno huyaelewi.

Wenzangu mnaoandika programu mnaijua hitilafu ya namna hii. Kila kipande kinafanya kazi, mahali vinapounganishwa ndipo pamegeuzwa. Ningekuwa mbele ya kompyuta ningeinusa kwa dakika kumi. Juu ya mabati nilihitaji siku mbili.

Kesho yake fundi alirudi. Nikamwambia, "Kaka, usiguse dishi, legeza hicho kibano cha LNB tu uizungushe robo." Alinitazama kama mtu anayevumilia wazimu wa mteja, akazungusha. Baba mdogo ndiye aliyepiga kelele kutoka ndani. Ubora asilimia 82. Fundi akaniomba nimchoree ule mstari wa nyuzi 36 nyuma ya risiti. Kumbe wateja waliohamia kutoka Nairobi walikuwa wamemsumbua hivyo hivyo, na dawa yake ilikuwa kuwauzia LNB mpya, ambayo huifunga upya na mara nyingine ikaangukia sawa.

Mawili ya ziada kwa mnaoishi huku. Mvua ya jioni ya kutoka ziwani itakata picha, na si kosa la fundi. Wimbi la masafa ya gigahezi 12 lina urefu wa sentimita 2.5 tu, na matone makubwa hulimeza. Subiri ipite, usipande paani na radi. La pili, siku chache katikati ya Machi hadi mwishoni mwake, na tena Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti na kelele zake hufunika matangazo kwa dakika chache. Kwetu hutokea kama saa sita na dakika 40 mchana mwezi Machi, na Septemba robo saa mapema zaidi. Usibadilishe chochote, itarudi.

Alama za Nairobi nimezifuta kwa petroli. Kwenye bomba nimeandika upya: NDHIWA, 36 mashariki, LNB robo. Baba mdogo ameomba niongeze "1975" pembeni, na nimeiandika.